Mama Magunzi na Moto wa Bibi Harusi

Kwaru, kwaru, kwaru. Wasikilizaji wapendwa, sauti hiyo iliamsha nyumba moja kila alfajiri, majogoo wakiwa bado wamelala. Ni gunzi la hindi likisugua sufuria. Aliyelishika alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Mama Magunzi. Ametutoka wiki iliyopita. Leo tunamkumbuka Mama Magunzi, na tusinune, maana mwenyewe alipenda kucheka.

Wengi wetu tukishapukuchua mahindi, gunzi tunatupa. Yeye hakutupa. Magunzi yalikuwa kuni zake. Gunzi lilikuwa kizibo cha chupa ya mafuta. Gunzi lilizuia mlango usijibamize, na jingine lilishikilia kabati lenye mguu mfupi. Mengine aliyavisha vitambaa vilivyobaki, watoto wa jirani wakapata wanasesere.

Basi mwanawe wa pekee akaoa. Bibi harusi aliingia na hofu moja tu: je, mama mkwe atanipenda? Shangazi zake walishamtisha, "Ukionekana mvivu, utafungasha virago siku hiyohiyo." Kwa hiyo asubuhi ya kwanza, mama mkwe akiwa bombani, akafagia nyumba nzima. Akakusanya kila gunzi aliloliona, pamoja na gunia zima la nyuma ya mlango. Akayachoma yote uani.

Mkwe huyo alinisimulia mwenyewe nilipokwenda kuwapa pole: "Mama alisimama na ndoo kichwani, anatazama moto. Nikasema, 'Mama, nimechoma takataka.' Akatua ndoo. Akasema, 'Umefanya vizuri, mwanangu. Moto mzuri hivi tusiuache bure. Lete sufuria tuchemshe chai.'"

Baba mkwe akatoka ndani kuuliza mbona kabati limeinama. Mkewe akamjibu, "Limechoka, mume wangu. Liache lipumzike."

Siku zikapita. Jirani akaja kuomba gunzi la kuzibia chupa. Mama Magunzi akamwambia, "Yameisha, bibi wee. Rudi tukishakula mahindi." Hapo ndipo bibi harusi alipoelewa alichokifanya. Akalia.

"Mama, mbona hukunigombeza?"

"Ulitaka kunisaidia. Magunzi yapo shambani tele. Wewe ningekutoa wapi?"

Tangu siku hiyo, wasikilizaji wapendwa, mkwe akawa binti. Wakasugua sufuria pamoja, wakataniana pamoja. Alipougua mama, ni binti huyo aliyemlisha kwa kijiko.

Tunawapa pole mzee wake, mwanawe na mkwe wake. Nasi tujiulize: yupo mtu nyumbani aliyeharibu kitu akitaka kutusaidia? Leo tumwambie nini?

Nilipoaga, mkwe alinisindikiza hadi barabarani, kanishika mkono. "Njoo tena kwetu, bibi," akasema. "Usingoje msiba."