Aliyetapika Ndiye Aliyeniona

Nimesimama, jamani, na kabla sijaanza nawaomba mnaotafuna mandazi kule nyuma mmeze kabisa. Habari yangu ina matapishi ndani yake na sitayaruka, kwa sababu Mungu alipitia hapo hapo.

Habari yenyewe mmeshaisikia. Ilitolewa humu humu kwenye ibada yetu, ukumbi huu huu wa Perry Barr, kwa mdomo mwingine, na mkapiga makofi hadi wenye jengo wakaja kuchungulia. Mliambiwa dada mmoja alizama baharini na ndugu mmoja akamwokoa. Dada huyo ni mimi. Huyo ndugu tutamfikia. Jina sitataja, na nawasihi msigeuze shingo kumtafuta.

Wengi mnanijua. Mimi ni mtu wa Nakuru. Bahari niliiona mara ya kwanza nikiwa mtu mzima na sikuipenda, ilininukia kama beseni lililosahauliwa nje. Hapa Birmingham natunza wazee katika nyumba moja karibu na Winson Green. Nawaogesha, nawalisha, nawabadilisha. Anayefanya kazi hiyo hana nafasi ya kuwa na kinyaa, na miaka yote hiyo sikuwa nacho. Shikeni hilo.

Kuogelea nilijifunza huku huku, kwa ajili ya mgongo. Daktari alisema maji yatanisaidia, na yalinisaidia kweli. Bwawani tukakutana watu wa kwetu kadhaa, na mnajua watu wa kwetu wakikutana wanalalamikia nini: chakula. Ndugu zangu, samaki wa friza wa huku mnawajua. Ukiwakaanga wanatoa maji kama wanalia. Basi huyo ndugu anayesemekana aliniokoa, naye alikuwepo, akasema, "Nyinyi watu wa bara mwateseka bure. Samaki hufuatwa kwake. Tununue bunduki za mkuki, twende tukawapige wenyewe. Bahari naijua mimi, nimezaliwa na chumvi mdomoni."

Tukaamini. Nawaambia, kosa hili ni letu sisi peke yetu, Mwingereza hawezi kulifanya. Ukitoka Mombasa, ukifika Birmingham unakuwa nahodha. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kupiga mbizi hata mara moja. Mtu amekulia Mombasa akiuza vipuri vya magari! Lakini sisi wa Nakuru na Kisii na Eldoret tulimtazama kana kwamba ameota mapezi.

Kwa neema tulipata mwalimu, Mzungu mmoja wa pale bwawani, akatufundisha kushikilia pumzi. Alifundisha mengi, ila moja alilirudia kila tulipokutana: wawili wawili, mmoja chini, mmoja juu. Aliye juu hana kazi nyingine ila kumwangalia aliye chini. Na aliye chini akichomoza, usimwache. Mwangalie usoni mpaka apumue vizuri, mpaka akuambie mwenyewe yuko sawa. Kwa sababu watu wengi hawazimii kule chini. Wanazimia wakishafika juu, kichwa kiko nje, wenzao wameshafurahi.

Sasa niwape uchafu wa mchezo wenyewe, maana hamkuambiwa. Suti ya mpira inabana mpaka uipake sabuni ndipo uingie. Ukishaingia, kuivua ni shughuli, na maji ya huku ni baridi ya kukata mifupa, kwa hiyo watu hujikojolea humo ndani wapate joto. Naam. Watu wazima, wengine wanashika sahani ya sadaka. Miwani nayo unaitemea mate isishike ukungu, unayasugua kwa kidole, halafu unaivaa usoni. Nilijiuliza, huu ni mchezo wa watu au wa fisi?

Tulikwenda hadi pwani ya Wales kwa gari, suti za safari iliyopita zikinuka kwenye buti. Mwenye boti alikuwa mwanamke wa huko asiye na maneno mengi. Akatupeleka kwenye jukwaa la zamani la chuma, lililojengwa baharini kwa ajili ya kupakia mawe melini. Sasa limeachwa, limesimama peke yake juu ya nguzo zake, mbali na ufuo. Samaki hupenda mahali kama hapo, kuna kivuli, kuna kome wa kula. Ndege nao wanapapenda. Jukwaa zima lilikuwa jeupe kwa mavi ya ndege, na mavi yenyewe yalidondoka kwenye maji tunayoingia na midomo yetu.

Alikuwepo pia dada mmoja Mkongomani wa mtaa wa Handsworth. Hakuja kuvua, alikuja kutembea tu. Boti ilipoanza kuyumba akashika ukingo, akatoa kichwa nje akaanza kutapika, na hakuacha. Yule ndugu akamcheka, "Mama, wawalisha samaki!" Mimi nikamgeuzia mgongo, maana harufu ilikuwa inanifuata.

Kupiga samaki kwenye nguzo kuna utaratibu wake. Unaingilia upande unakotoka mkondo, ili maji yakusogeze taratibu, na unajilinda yasikubamize kwenye chuma. Ukifika chini unajishikiza, unatulia kabisa. Samaki humkimbizi. Samaki ni mbea, ukinyamaza atakuja mwenyewe kuchungulia wewe ni nani. Na ukimpiga, mpige akiwa upande wa nje, kamwe si katikati ya nguzo, maana ataizungusha kamba ya mkuki kwenye chuma na wewe utabaki kuvuta mpaka pumzi iishe.

Nikashuka. Maji ya kijani, mazito kama supu ya jana. Nikashika nguzo, mkono ukazama kwenye kitu laini chenye ute, sijui ni nini na sitaki kuambiwa. Nikatulia. Akatokea samaki mmoja mnene wa rangi ya shaba, huku wanamwita polaki, akanitazama kama jirani dirishani. Nikampiga upande wa nje, kama nilivyofundishwa. Akarudi mbio ndani ya nguzo na mkuki wangu, kamba ikajiviringisha. Nikavuta, nikavuta tena, kifua kikaanza kunidai. Nikaiachia bunduki, boya iliyofungiwa lingeishikilia, nikapanda.

Nilifika juu, ndugu zangu. Hilo mlielewe vizuri. Nilitoa kichwa, nikaona mwanga, nikamwona huyo ndugu aliyekuwa zamu ya kuniangalia. Akapaza sauti, "Huyoo! Si niliwaambia!" Akapiga makofi, maji yakaruka. Kisha akanipa mgongo, akaanza kuvuta kamba ya samaki. Hapo ndipo taa yangu ilipozimika. Na risasi za mkandani, zile za kukusaidia kushuka, zikanirudisha chini.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mwenye boti. Kila mtu alikuwa anamtazama samaki. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anatazama maji, kwa sababu tumbo halikumpa ruhusa ya kutazama kitu kingine. Yule dada, kichwa nje ya boti, aliniona nikishuka chini ya matapishi yake mwenyewe. Akapiga kelele, "Eko anazama! Muangalie, mama eko anazama!" Hakungoja jibu. Akanyakua fimbo ndefu ya boti yenye kulabu, akaisukuma majini, akaninasa kwenye mkanda, akang'ang'ana mpaka mwenye boti alipofika wakanivuta pamoja.

Nilizinduka sakafuni mwa boti, povu la damu damu mdomoni, matapishi ya mtu mwingine kwenye nywele. Na neno la kwanza nililosikia, baada ya Mungu kunirudishia pumzi, lilikuwa la huyo ndugu: "Samaki tumempata?"

Walimpata. Picha ilizunguka kwenye WhatsApp kabla sijatoka hospitalini, yeye amemkumbatia samaki kifuani, meno yote nje. Nilipoiona, zamu ya kutapika ikawa yangu.

Mwili ulipona upesi. Kilichobaki ni kinyaa. Maji yakinigusa uso, pumzi inakatika na ule ute unarudi mkononi. Nikawa najipangusa kwa kitambaa kama mgonjwa. Soho Road nikiona duka la samaki, navuka barabara. Watoto wakinikumbatia na nywele mbichi, nawasukuma. Mdogo akaniuliza, "Mummy, do I smell?" Mtoto anadhani anayenuka ni yeye.

Halafu kazini. Kuna bibi mmoja mtaratibu sana, siku hiyo ilikuwa zamu yangu kumwosha nywele. Nikainua jagi, maji yakamtiririkia usoni, nikamwona anafumba macho na kufungua mdomo. Nikaangusha jagi nikakimbia, nikamwacha bibi wa watu amekaa na sabuni kichwani. Msimamizi alinihurumia mara ya kwanza. Ilipotokea tena akaniita ofisini. Mnaoishi kwa viza ya kazi mnajua bila kuelezwa: kazi ikienda, viza inaifuata, na watoto wanatolewa shule. Nisipoweza kumwagia mtu maji kichwani, tunafunga mizigo. Ilikuwa wazi hivyo.

Katikati ya hayo ndipo nilipokuja hapa Jumapili moja nikakuta kisa changu kiko jukwaani. Huyo ndugu ndiye aliyekuwa anasimulia. Ati alipiga mbizi, ati alinishika mkono kule gizani, ati aliomba chini ya maji. Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa karibu na mlango, nikajisikia kama nimelambwa uso na mbwa. Nikatoka.

Yule dada wa Handsworth akanifuata mpaka kituo cha basi. Hakuyagusa yale ya ukumbini. Aliniuliza tu, "Mama, unaoga?" Mtu gani anauliza swali hilo kituoni? Lakini ndilo lilikuwa swali. Nikalia pale mbele ya watu.

Kesho yake akaja kwangu na beseni lake. Akaliweka juu ya meza ya jikoni, akajaza maji ya vuguvugu. "Ingiza uso. Miye niko nakuangalia."

"Siwezi. Nitatapika."

"Tapika. Miye nilitapika mbele ya watu wote. Nilikufa?"

Nikaingiza uso. Nikautoa hapo hapo, nimeshika meza, maji yananichuruzika mpaka kifuani. "Haya, nimeweza," nikasema, na nikangoja anipigie makofi. Hakupiga. Hakutabasamu hata kidogo. Aliendelea kunitazama, midomo, macho, midomo tena, mpaka nikakasirika.

"Unaniangalia nini?"

"Bado hujapumua muzuri," akasema. "Pumua kwanza. Siendi fasi yoyote."

Nawaambia, hapo ndipo nilipovuta pumzi mpaka mwisho, mara ya kwanza tangu baharini. Tulikwenda baharini na mtu wa kuangalia, tukampa kazi hiyo kwa sababu ya mji aliozaliwa. Na mtu wa kuangalia kweli tulikuwa naye kwenye boti, tunamcheka.

Alirudi na lile beseni tena na tena, akitoka kazini miguu imemvimba. Siku nyingine niliweza, siku nyingine nililitapikia beseni lake, akaliosha, akajaza maji mengine. Mwishowe nikarudi kwa bibi yangu. Aliliona jagi, akasema kwa upole kwamba leo, tafadhali, nisikimbie. Nikamwambia afumbe macho. Nikamwaga. Maji yakamwingia sikioni, akanitukana kidogo, tukacheka. Kazi ninayo mpaka leo. Baharini sijarudi na sirudi. Samaki nanunua wa friza, walie wanavyotaka.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwenye boti, na bibi yangu, na msimamizi aliyenivumilia. Dada, wewe uliyejificha nyuma ya nguzo pale, sitakusimamisha, najua hupendi. Asante kwa tumbo lako bovu. Na wewe ndugu yangu wa makofi, nimekusamehe kwa mdomo. Moyo nao uko njiani, umepanda basi la Soho Road, na mnajua lile linavyochelewa. Lakini kusimulia uongo juu ya pumzi yangu bado kunanitia kinyaa, na nimelisema mbele yako.

Nililojifunza ni hili. Sisi tunapenda sana mtu akichomoza. Akipona tunashangilia, akitoka jela tunashangilia, akiacha pombe tunampa kipaza sauti, halafu tunageuka kuvuta samaki. Na hapo hapo, nyuma ya migongo yetu, anazama.

Mimi ndiyo kwanza nimetoa kichwa nje. Kwa hiyo nikikaa, tafadhali, msinipigie makofi. Niangalieni usoni kidogo.