Gia Katikati ya Mlima

Fundi cherehani, ambaye maishani hajaendesha kitu kingine zaidi ya cherehani yake, alitega sikio ndani ya basi. Kwenye kiti cha mbele yake, kijana wa mbio za magari alikuwa akimweleza mama asiyemjua kwamba leo anachagua gari la mashindano, na akikosea, nafasi yake anapewa mwingine.

"Chukua otomatiki, mwanangu. Inabadilisha gia kabla hujafikiri."

"Huko ni kubebwa mgongoni, mama. Gia ya mkono ndiyo udereva."

Dereva wa basi aliyasikia hayo, akavimba kichwa, akaichapa gia kwa madaha katikati ya mlima. Basi likakohoa, likazimika.

Walishuka kusukuma.

"Kosa ni la dereva, si la gia," kijana alisema akihema.

"Na wewe ni nani, kama si dereva?" mama akamuuliza.