Bi Lystra na Ukurasa wa Mwisho wa Patiste

Miaka thelathini na minne! Tarehe 31 Julai Bi Lystra Guevarro anastaafu kazi ya kutunza nyaraka hapa Arima, na sisi wenzake bado hatuamini.

Alianza na faili za mashamba ya kakao. Kisha akakabidhiwa karatasi za marehemu Anselm Patiste, mshairi na mwandishi wa riwaya ambaye daftari hakulijua: aliandika nyuma ya bahasha, risiti, hata kalenda za duka la dawa. Bi Lystra alizipanga zote, masanduku sitini na moja. Kilichomnyima raha ni riwaya ya mwisho. Sura yake ya kumalizia ilikuwa kijijini Lopinot, kwa Bi Eudora, dada wa marehemu, ambaye hakutaka hata kumwona mtu wa ofisi. Mara tisa Bi Lystra alifukuzwa mlangoni.

Mara ya kumi alikwenda na waimbaji wa parang, wale wanaopita nyumba kwa nyumba msimu wa Krismasi, ameshika kayamba asilojua kulipiga. Sasa, parang ikiimbwa mlangoni, nani Lopinot atathubutu kutofungua? Bi Eudora alifungua, akamwona, akacheka bila kupenda: "Wewe mwanamke ni kupe! Haya, ingia ule keki." Bi Lystra alipoinua kipande chake, alipiga ukelele hadi magitaa yakanyamaza. Karatasi iliyotandikwa chini ya keki ilikuwa na mwandiko wa Patiste!

Tangu hapo, kila Jumapili alipewa ukurasa mmoja, ukinuka siagi na ramu. Sura ikajaa, isipokuwa ukurasa wa mwisho. Bi Eudora aliapa kwamba huo uliungua jikoni. Miaka kumi na miwili Bi Lystra akaendelea kwenda, akiuliza na kula, akiuliza na kula.

Jumanne iliyopita Bi Eudora, ambaye sasa ana miaka tisini na mmoja, aliingia ofisini na mkongojo wake, akauweka ukurasa mezani. Safi kabisa! Ofisi nzima tulipiga vigelegele. Bi Lystra, machozi yakimtoka, akamuuliza kwa nini amemtesa muda wote huo.

"Ningekupa mapema, ungerudi kwangu kufanya nini?"

Bi Lystra, asante kwa kila karatasi uliyoiokoa. Upumzike kwa afya na furaha, dada yetu. Ila Jumapili usichelewe, unangojwa Lopinot.