Benie Anaweka Vikombe Viwili

Benchi yangu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, karibu na daraja la Tshopo, pale waendesha toleka wanaposimamisha baiskeli zao kungojea wateja. Mimi, bibi wanayemwita Koko, nauza kahawa ya tangawizi, wanaume wanauza maneno. Kahawa yangu huisha kabla jua halijakaza, maneno yao sijaona mwisho wake. Kuna Kapiteni, aliyeendesha baleinière, zile mashua kubwa za mbao za Isangi, mpaka macho yakamshinda. Kuna Professeur, anayesoma chuo kikuu na kwenda msitu wa Masako kuchunguza panya. Hajafundisha hata kuku. Asubuhi ile akaja Léon wa toleka, ambaye sote tunamwita Papa Mapasa kwa kuwa alizaa mapacha, Benie na Glodi. Glodi alikufa kwa malaria mvua iliyopita. Jina la baba halikubadilika, maana aliyezaa mapacha habaki baba wa mmoja. Léon alikaa, hakuomba kahawa.

— Papa Mapasa, hii uso gani? Kapiteni akamuuliza. Baiskeli imekutupa?

— Ni Benie. Madame wa shule ya maternelle ananiita leo midi, saa sita. Anasema mutoto hawezi kuingia la première, darasa ya kwanza, hajue maneno ya hesabu.

— Maneno gani?

— Ile ya batoto badogo. Mingi, kidogo, sawa sawa, moja kwa kila mutu. Madame anakalisha batoto chini, anasema: kila mutoto akamate kikombe moja. Benie anakamata mbili. Kila siku mbili. Banamuambia moja, anasema ndiyo, moja moja, na anaweka mbili.

Hapo hakuna aliyeshtuka. Kwetu pacha mmoja akienda, anayebaki hupewa vya wote wawili: nguo mbili, kwanga mbili za muhogo, pipi mbili. Ukimpa kimoja tu, umesema mwenzake hayupo, na neno hilo hatulitamki. Tunasema ameenda kutafuta kuni. Madame Élise, mwalimu wake wa chekechea, ametoka Bukavu mwaka huu. Nani alijisumbua kumweleza?

— Ni kosa ya madame, Kapiteni akasema. Kuhesabu banajifunzaka kwa maji. Mi kwa baleinière, mutoto wa mugongoni sikumuhesabu, mbuzi nilimuhesabu. Na tulikuwa tunafika.

— Mara ingine mulifika, nikasema.

— Koko, funga ile kinywa kidogo.

— Nikifunga, nani atakuuzia kahawa?

Professeur akakohoa, kama wanavyokohoa wakubwa kabla ya kudanganya.

— Scientifiquement, mapasa banagawana bongo. Mumoja anabeba kuongeza, mwingine anabeba kupunguza. Glodi aliondoka na kupunguza. Donc Benie amebaki na kuongeza tu. Si kosa yake.

— Ni panya zako banakufundisha vile?

— Koko, ukiona panya namna banazaa, hautacheka tena.

Kapiteni akaona kijana wa chuo anamshinda kwa maneno, akasogea mbele ya benchi.

— Bon, sikilizeni. Bamuvushe mutoto ng'ambo ya mto, Lubunga, kwa mutumbwi, asubuhi sana. Mwenzake hatajua pahali alienda. Mutoto akifika kule, iko mumoja. Hesabu inakaa muzuri.

— Wapi! akasema Professeur. Ya nini kumukimbiza? Bamuandikishe Glodi naye! Bamupe kiti, bamupe ardoise ya kuandikia. Bikombe mbili, batoto babili. Juste!

Wakacheka. Léon naye alicheka, kicheko kibaya kama cha mtu anayetapika, kikakatika peke yake.

— Jana madame alileta mambo ingine, akasema. Alipanga bikombe juu ya meza, batoto bakafunga macho. Akaficha moja nyuma ya mugongo. Fungueni macho! Bikombe imefanya nini? Batoto bote: imepunguka! Benie akasimama, akasema: hapana, moja imeenda kutafuta kuni.

Kapiteni akaweka kikombe chake chini.

— Alors? Kapiteni akauliza polepole.

— Batoto bakamuchekelea. Kisha madame akamunyanganya kikombe ya pili, ile ya Glodi. Benie akamuuma mukono, damu ikatoka. Madame analia, mutoto analia. Ni vile ananiita. Anasema, ao mutoto ajue moja ni moja, ao akae nyumba. Na mi sijue nitamujibu nini.

Alikuwepo mwanamke mmoja nyuma yao, Rachida, wa kutoka Maniema, aliyepanga chumba jirani yangu juma lile. Alikuja na thermos yake nijaze. Hakuwa na desturi ya benchi, hata kukaa hakukaa.

— Samahani, bapapa. Huyu Benie, anajua kama ndugu yake alikufa?

Kapiteni akageukia barabara. Professeur akatoa simu, akaitazama sana, na ilikuwa imezimika. Mimi, ambaye hakuna mtu hapo sijamjibu, nilimimina kahawa ndani ya thermos iliyokwisha kujaa, ikaniunguza vidole.

— Kwa mapasa hatusemake vile, Léon akasema.

— Sikuuliza kama munasema, papa. Niliuliza kama anajua.

Léon akavua kofia yake, akaishika kati ya magoti.

— Jana mangaribi alisimama kwa mulango, pale mama yao alikuwa anabapimia urefu na makaa. Akajipima yeye peke yake, na mukono juu ya kichwa. Akaniuliza: papa, sasa nani iko murefu, mi ao Glodi?

— Ukamujibu nini? nikamuuliza.

— Nilimuambia: muko sawa sawa.

Akainuka. Mteja alikuwa amesimama kando ya baiskeli yake, anamwita, toleka, toleka. Léon hakumwona. Akaishika baiskeli kwa usukani, hakupanda, akaisukuma kwa miguu upande wa kwake nyumbani, kumjibu Benie upya.