Tabea Akyoo Hakuomba Radhi

Wasikilizaji wapendwa, mliopo Levolosi, Sokon I na Terrat, na nyinyi wa mashambani huko Poli na Akheri, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Tabea Elirehema Akyoo. Alifariki Jumanne nyumbani kwake Sokon I, kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Kwa mliofungua redio sasa hivi, narudia: Tabea Akyoo, kiongozi wa wapanda mlima Meru, amefariki.

Alizaliwa Poli, kwenye kahawa na migomba. Kaka yake, mzee Solomoni, anamkumbuka hivi: "Tulitumwa msituni kukata majani ya ng'ombe. Sisi tulirudi na majani. Yeye alirudi na habari za njia. Mama alimchapa, kesho yake akaenda tena."

Alianza mlimani kama mpishi. Baadaye akasomea uongozi, akafaulu, akapewa leseni. Wapagazi, ambao hujiita wagumu, walimpa jina la Mama Kamba. Kila asubuhi na kila jioni alilaza kamba chini, akawaambia wote waitembee, kisigino kikigusa kidole. Mlimani, hewa inapopungua, ubongo huweza kuvimba. Anayeanza kuugua hivyo hupepesuka. Viongozi wengine huwapima wageni tu. Tabea aliwapima na wapagazi.

Wapagazi hawakupenda. "Mama Kamba, unatupima mbege?" walimtania. "Hapa hakuna mlevi, shikamoo!"

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Poa tu, mama."

"Poa si jibu. Panda kwenye kamba."

Alikuwa na sababu. Mpagazi anayesema anaumwa hurudishwa chini, na safari ijayo huenda asiitwe. Kwa hiyo kichwa kinapasuka, naye anasema poa.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, niwaeleze jambo lililotokea miaka minne iliyopita.

Tabea alikuwa akimwongoza mgeni mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Ulaya. Wakishuka kutoka kileleni, mgeni aliteleza akavunjika mguu. Wapagazi waliitwa kutoka kambi ya juu, ile ya Saddle. Aliyembeba mgongoni sehemu ndefu zaidi hadi kambini hapo alikuwa kijana wa Terrat anayeitwa Yiamat. Kichwa kilimuuma tangu jana yake. Hakumwambia mtu.

Mgeni alikuwa na bima ya uokoaji. Simu ikapigwa, helikopta ikaitwa. Wakati wakiingoja, Tabea alilaza kamba. Yiamat alianguka. Akainuliwa, akaanguka tena. Alipoulizwa jina la mkewe, alitaja jina la mbuzi.

Wenzake walicheka. Tabea hakucheka.

Helikopta ilitua. Ukungu ulikuwa unapanda. Rubani alisema wazi: katika mwinuko ule anaweza kuchukua mgonjwa mmoja wa kulala, na hataweza kurudi siku hiyo. Narudia, mgonjwa mmoja. Kwa machela, kutoka kambi ile hadi getini ni safari ya kutwa. Mwenye mguu uliovunjika angeimaliza. Yiamat, kwa hesabu ya Tabea, asingeimaliza.

Kampuni iliyomwajiri ilimwambia kwenye simu ampandishe mgeni, maana bima ni ya mgeni. Yiamat mwenyewe anasimulia anachokumbuka: "Nilimsikia mama akisema, 'Nimekusikia, bosi,' halafu akaizima simu. Mimi nikadhani wanamzungumzia mtu mwingine."

Mgeni alilalamika. "Nimelipia bima," alisema.

"Umelipia, ni kweli," Tabea alimjibu. "Mguu wako utauma. Huyu atakufa."

Mgeni aligeuza uso. Yiamat akapandishwa.

Daktari aliyempokea alisema ubongo ulikuwa umevimba, na kwamba kucheleweshwa kungemuua. Leo Yiamat yu hai. Mgeni alishushwa kwa machela na wapagazi wale wale, akiwa amefungwa mguu vizuri. Alifanyiwa upasuaji, akapona. Wagonjwa wawili walishuka, wote wawili wako hai.

Bima ilikataa kuilipia helikopta. Aliyeshushwa hakuwa aliyekatiwa bima. Kampuni ilisema Tabea alivunja utaratibu. Ni kweli, aliuvunja. Wakamwambia aombe radhi kwa maandishi ndipo arudi kazini. Hakuomba. Tabea, aliyezoea kulala Saddle, akabaki chini, akiuza ndizi sokoni na kuwafundisha viongozi wapya bila malipo.

Binti yake, Elieshi, alimsihi. "Nilimwambia, mama, andika tu. Ni maneno. Akaniambia, 'Nikiandika, Yiamat akisoma ataelewa nini?' Nikaenda kuosha vyombo."

Wasikilizaji wapendwa, jana mtu wa kampuni hiyo alitupigia simu. Kwa lugha ya upole alituomba tuseme kwamba marehemu alikuja kujuta, na kwamba suala lile liliisha kwa maelewano. Tulimuuliza Elieshi. Alijibu: "Mama alijuta mengi. Alijuta kumuuza yule ng'ombe wetu mwekundu. Hilo la Yiamat hakulijuta hata siku moja."

Kwa hiyo hatusemi hivyo. Si kweli.

Tunachosema ni hiki. Wewe unayepanda mlima, na wewe ambaye mwanao anawabebea wageni mizigo, kabla ya geti kufunguliwa uliza swali moja: akiugua aliyebeba mzigo, nani atamshusha, na kwa bima ya nani? Ukijibiwa "poa, usijali", usiondoke hapo. Uliza tena.

Kwa mzee Solomoni, kwa Elieshi, na kwa ukoo wote wa Akyoo, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Kituo hiki kinaomboleza pamoja nanyi.

Mazishi ni Jumamosi, Poli, baada ya ibada ya saa sita. Kampuni imealikwa, kama jirani yeyote. Kwenye ratiba ya wasemaji haimo. Yumo Yiamat.