Vaileth Sanga Hakufika Paris

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Chanika, na nyote mliofika kutoka Temeke, Msasani na kule nyumbani Makete, familia inawasalimu na kuwaomba utulivu, kwa kuwa historia hii ni ndefu kidogo, na mahali pengine ina ukali, na anayeisoma, Lusungu Sanga, mdogo wake marehemu wa kumfuatia, ameombwa tangu asubuhi aupunguze huo ukali, amejaribu, ameshindwa.

Marehemu Vaileth Asifiwe Sanga alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika kijiji cha Kisinga, Makete, enzi hizo ikiwa bado ni mkoa wa Iringa, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Asifiwe Sanga na Mama Sikujua Mahenge, katika nyumba isiyokuwa na umeme wala jirani mwenye umeme, na kama kuna mtu hapa anashangaa ilikuwaje mwanamke mzima akapenda majengo yaliyowashwa taa, basi aanzie hapo Kisinga, asianzie kwenye umbea.

Alipata elimu ya msingi kijijini hapo kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akamaliza na alama nzuri, lakini nafasi za sekondari zilikuwa za kuhesabika na yeye hakupata, hivyo mwaka 1987 akaenda kujifunza ushonaji na malezi ya watoto kwa masista wa kanisa, na mwaka 1991 akashuka Dar es Salaam kwa shangazi yetu aliyekuwa akiishi Temeke, akashona sare za shule barazani, akalea watoto wa shangazi, na hela ya kwanza aliyoipata hakununua gauni, alinunua taa ya chemli akaituma nyumbani kwa Mama.

Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa takatifu na marehemu shemeji yetu Gibson Mbilinyi, fundi magari wa Temeke, mtu mcheshi, mpole, aliyempenda mkewe bila kuona haya mbele za watu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Blessing mwaka 1998 na Elibariki mwaka 2002, kisha mwaka 2008 shemeji akatutoka ghafla, na Vaileth akabaki na watoto wadogo, cherehani, na hiki kiwanja cha Chanika ambacho wakati ule kilikuwa mihogo mitupu.

Januari 2010 alipata kazi ya kulea watoto katika familia moja ya Kibelgiji iliyokuwa ikiishi Msasani, akaifanya kwa miaka minane, na ni kazi hiyo iliyojenga nyumba mnayoiona na kuwasomesha watoto mnaowaona, na familia ile walipokwenda kwao kusalimia wazee hawakuweza kumwacha, maana mtoto wa mwisho hakukubali kulala bila Vai wake, ndiyo maana Desemba 2012, Desemba 2014 na Aprili 2016 marehemu alisafiri nao Ulaya, akafika Brusseli, akafika Genti, na safari ya mwisho, walipopitia nchi nyingine kutembea, akafika Budapesti, miji hiyo mitatu na si zaidi, naomba mlishike hilo.

Sasa, mama wa watoto wale alipojinunulia kamera mpya, ile ya zamani alimpa Vaileth, na Vaileth akajifunza mwenyewe kuitumia, lakini mchana alikuwa na watoto watatu mikononi, huyu anataka maji, huyu kavua kiatu, kwa hiyo kamera ilikaa kwenye begi mpaka watoto walale, ndipo anajifunga koti la kuazima, anatoka, anakwenda kusimama mbele ya kanisa la kale au ngome au ukumbi wa mji, yale majengo makubwa ya mawe ambayo wenzetu huyamulika taa usiku kucha, na alikuwa akisema kwamba mchana yeye ni wa watoto, usiku ndiyo wake.

Picha ya usiku haitaki haraka, mwanga ni mdogo, kamera inabidi itulie kama mgonjwa, ikitikisika kidogo tu jengo linatoka limepepesuka kama mlevi wa mwisho wa mwezi, na marehemu hakuwa na kile kigoda cha miguu mitatu wanachotumia wapiga picha, basi akashona kifuko cha kitenge, kitenge cha bluu chenye maua ya njano, akakijaza maharage aliyotumiwa na Mama kutoka Makete, anakiweka ukutani au kwenye daraja, anaikalisha kamera juu yake, anabana pumzi, anapiga, na maharage hayo yaliwahi kumponza uwanja wa ndege, afisa akakichana kifuko akidhani kuna kitu kimefichwa, akakuta maharage, wakacheka wote wawili, akakishona upya kwa uzi mwekundu.

Tunafika pale panapouma. Jumapili ya tarehe 18 Agosti 2019, sikukuu ya mavuno, marehemu alichapisha picha zake sita kubwa, akazitundika katika ukumbi wa kanisa letu hili la Chanika, hakuomba sifa, hakuweka kikapu cha sadaka, alitaka tu watu waone alichokiona, na watu wakaangalia, na swali la kwanza halikuwa kanisa hili ni la mwaka gani, wala taa hizi zimewekwaje, swali la kwanza lilikuwa, mbona wewe haumo?

Jamani! Kwetu hapa mtu akifika mahali lazima picha imwonyeshe amesimama, mkono kiunoni, jengo nyuma yake limekatwa kichwa, ndipo tunaamini alifika, na asiyekuwemo ni mwongo, basi wakaanza, mara hizo kazitoa gugo, mara kwani Ulaya hakuna mchana, mara dada wa kazi apelekwe Ulaya na nani, mara na hiki kidude cha bluu hapa pembeni chini ni nini, hata kupakua vizuri kashindwa, na kabla ibada ya pili haijaisha mwenyekiti wa akina mama, Mama Demetria Kamugisha, alishika kipaza sauti akatangaza kwa sauti ya upole kabisa kwamba washirika wasilete tena ukumbini picha za mitandaoni, kwani nyumba ya Bwana si mahali pa maonyesho ya uongo.

Vaileth alipanda kiti, akazitungua zote sita, akazikunja, akaenda nazo nyumbani, na hakutundika picha tena mahali popote mpaka anakufa. Blessing alimsihi apeleke kile kifuko cha maharage akawafumbe midomo, maana hicho kidude cha bluu kilichowachekesha ni pindo la kitenge cha kifuko hicho, kiliingia kwenye picha ya Genti kwa bahati mbaya naye akakataa kukikata, na mama yake akamjibu kwamba siku atakayobeba maharage kwenda nayo kanisani kama kielelezo cha mahakamani, siku hiyo atakuwa amekubali kwamba yeye ni mshtakiwa. Aliendelea kuja ibadani kila Jumapili, akaimba, akafagia zamu yake, na aliposalimiwa kwa utani, "Mama Ulaya, za Ulaya?", aliitikia nzuri, na roho ikimuuma.

Mwezi Februari 2024 alianza kuugua figo, akawa anakwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, Elibariki akimpeleka na Blessing akimrudisha, akavumilia bila kulalamika, na mwezi Mei mwaka huu mdogo wake alipokuja kumwona wodini, marehemu alimshika mkono akamwambia hivi: "Lusu, nikiondoka mtataka picha ya kuweka kwenye jeneza, wekeni Genti, msinitafutie picha yangu, na msinibandike popote." Mdogo wake akamjibu, "Sawa dada, nimesikia." Asubuhi ya Jumatatu tarehe 9 Juni 2025 Vaileth akalala moja kwa moja, akiwa na miaka 54.

Mdogo wake ameingia jana jioni kutoka Makete, Blessing akiwa bado anahangaikia mwili hospitalini, na leo alfajiri ametoka nje kunawa uso, akainua macho, akaliona hili bango. Loh! Dada yake, aliyekatwa kutoka picha ya harusi ya Tunu jirani, na kipande cha bega la mtu mwingine bado kimemng'ang'ania, amesimamishwa mchana kweupe, jua linawaka, mbele ya ule mnara mrefu wa chuma wa Paris. Paris! Na si bango peke yake, ni ratiba za ibada, ni fulana mlizovaa, Ulaya ya kubandikwa kifuani kwa watu mia na zaidi.

Alipouliza, kamati ya mazishi ilimweleza kwamba kazi hiyo aliagiza Mama Demetria, akaifanya Shomari wa steshenari pale stendi, na kwamba nia ilikuwa njema, mama alitaka tu Vaileth safari hii naye aonekane alifika, na mdogo wake anakubali kwamba nia ilikuwa njema, na hiyo ndiyo inayomkera zaidi, kwa sababu mtu alifika kweli mkamwambia ni mwongo, na leo amelala hawezi kujibu mmemtengenezea uongo, mkautundika juu ya jeneza lake, na huo mmeuamini.

Kwa hiyo, kabla ya shukrani, familia inaomba bango hili lishushwe sasa hivi, Shomari akamate upande ule, na upande huu familia inamwomba Mama Demetria mwenyewe asimame, akamate, tutamsubiri. Fulana familia haiwezi kuwavua mbele ya Mchungaji, mtazivaa shambani. Na Elibariki alete picha ya Genti aiweke pale mlipoelekezea macho tangu asubuhi, ni ngome ya kale ya mawe, imemulikwa, na maji chini yake yamejaa mwanga, hakuna mtu hata mmoja, na pembeni chini, kushoto, kuna kitu cha bluu.

Dada alikataa kuleta kielelezo, na mdogo wake anamwomba radhi, amekileta yeye. Kifuko ndicho hiki, kitenge cha bluu, maua ya njano, uzi mwekundu pale alipokichana afisa, na maharage ya Mama yetu ndani, kitawekwa chini ya picha, na kila atakayepita kumuaga marehemu atazame pembeni chini kushoto, kisha atazame kifuko, halafu ndipo atazame uso wa Vaileth, kwa mpangilio huo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo waliomhudumia kwa heshima, waajiri wake wa Msasani waliotuma rambirambi na kumlilia kwenye simu mpaka tukawabembeleza sisi, wafanyakazi wenzake, majirani waliopika na kukesha, kwaya, Baba Mchungaji, na kamati ya mazishi, nayo pia, kwa kila kitu isipokuwa bango. Marehemu ameacha watoto wawili, mjukuu mmoja, mama mzazi aliyeshindwa kusafiri kwa uzee, na ndugu watano, mmoja wetu akiwa amemtangulia.

Mungu akupe pumziko, dada, pumzika kwa amani, uliyefika Brusseli, uliyefika Genti, uliyefika Budapesti kwa miguu yako mwenyewe baada ya kulaza watoto wa watu, na Paris hukufika.