Mzee Muthoka Anatuacha Mapema

Tarehe 30 Juni, Wesley Muthoka anastaafu baada ya kuhudumu miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha unga hapa Masii. Anaondoka miaka minne kabla ya umri wa kustaafu, na hilo linatusikitisha.

Aliajiriwa kubeba magunia, akapanda hadi kuwa msimamizi wa mashine. Nguvu zake zilisifiwa mpaka Mitaboni. Lori letu lilipokwama kwenye tope mbele ya soko, alilisukuma na wenzake wawili likatoka, akina mama wakampigia vigelegele.

Lakini vumbi la unga lilimletea pumu. Kila kifua kilipobana alinunua vidonge vya steroidi dukani, akapata nafuu, akarudi kazini. Aliendelea hivyo miaka mingi bila kumwona daktari. Suruali zake zilipoanza kuburuzika chini, alimsingizia mkewe: "Nzilani ameninunulia ndefu tena." Suruali zilikuwa zile zile. Yeye ndiye aliyekuwa akipungua kimo.

Agosti iliyopita aliinama kuokota debe tupu, akashindwa kuinuka. Picha zilionyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimevunjika. Daktari mjini Machakos alimweleza kwamba mifupa yake imedhoofika sana, na vile vidonge vilichangia.

"Daktari, si huo ni ugonjwa wa akina mama?"

"Hata wanaume, mzee. Ni vile hamkuji kupimwa."

Alirudi kwetu amefungwa mkanda kiunoni. Kubeba hakuweza tena, basi aliketi kando ya mashine akamfundisha mwenzetu Mumbua kila kitu. Leo Mumbua ndiye msimamizi. Kisha akatuandama sisi wanaume twende tukapimwe. Mwenzetu Mutuku alienda shingo upande, akakutwa mifupa yake imeanza kudhoofika. Ameanza matibabu mapema, na angali kazini. Muthoka aliposikia, alimwendea.

"Mimi nilichelewa," akamwambia. "Wewe meza dawa."

Maumivu yamepungua, ila urefu wake haurudi. Mjukuu wake Mumo akimnyooshea mikono abebwe, babu hutafuta kwanza mahali pa kuketi, mtoto akampanda mapajani.

Mzee Muthoka, tungependa ubaki. Asante kwa jasho lako na kwa kutusumbua hadi tukapimwa. Uishi miaka mingi na Nzilani, bila maumivu. Vitu vizito tuachie sisi.